Aya ya Mlangoni

4 Februari

Mke mwenzangu,

Mzima huko? Huku tu wazima, isipokuwa mume wetu amenuna. Babu yako alichelewa harusi ya jirani kwa sababu saa yake ilisimama. Fundi saa wa miaka arobaini! Mtaa mzima sasa unamwita Saa Mbovu, na tangu Jumapili anakunywa chai kwa hasira. Mama yako amepita hapa juzi, mgongo wake umepoa, anakusalimu na anauliza mbona hupigi simu.

Sasa tafuta kiti ukae. Bibi yako nimeanguka.

Si kuanguka kwa mguu, mguu ninao. Nimeanguka insha. Unajua kozi hii niliyopelekwa na hospitali, ya wakunga wanaotaka kuwa wakuu wa wodi. Masomo yote nayala kama karanga: dawa, takwimu, usimamizi. Lakini kuna somo linaitwa Stadi za Uandishi, na mwalimu wake tunamwita Wino Mwekundu. Tuliambiwa tuchague suala la kazini kwetu tulijengee hoja. Nikachagua hili: je, mama anayejifungua aruhusiwe kuwa na ndugu yake chumbani? Mimi nasema aruhusiwe. Nikaandika kurasa nne, nikatoka nimejaa sifa.

Siku ya kurudishiwa, Wino Mwekundu akaniinua mbele ya darasa. “Mama, aya ziko wapi?”

Nikamjibu, “Mwalimu, yote ni aya.”

Darasa likaangua kicheko, na mimi nikacheka kuliko wote, maana nilidhani nimejibu vizuri. Kisha nikatazama juu ya karatasi. Ishirini na nane kwa mia.

Narudia mwishoni mwa Juni. Nikianguka tena naondolewa kwenye kozi, narudi wodini nimeufyata mkia, na mkuu wa wodi atakuwa yule bwana wa bohari ambaye hajawahi hata kushika mtoto. Miaka thelathini na moja ya ukunga, niangushwe na aya! Wewe ndiyo kazi yako kuwafundisha hao vijana wa chuo kuandika. Niokoe.

Ni mimi,
Mke Mkubwa


19 Februari

Mke Mkubwa, shikamoo,

Nimeisoma barua yako katika chumba cha walimu nikacheka mpaka mwalimu wa hesabu akaniletea maji. “Yote ni aya!” Nimeliandika ubaoni, bila kutaja jina lako.

Sisi huku hatujambo. Mume wangu bado anapanda nguzo za umeme na bado anashuka salama, namshukuru Mungu. Kazi za jikoni sasa anafanya yeye, tena nje uani, kwa sababu harufu ya vitunguu imeanza kunikera. Joto tu, nadhani. Mwambie mama nitapiga.

Haya, tukae darasani. Hatutafundishana kwa simu, kwenye simu unacheka tu. Utaandika, nami nitasahihisha.

Wodini kwako, kitanda kimoja unalaza wazazi wangapi? Mmoja. Akija wa pili unamtafutia kitanda chake. Basi aya ni hivyo hivyo: wazo moja, aya moja. Wazo jipya likifika, ruka mstari. Sentensi ya kwanza imwambie msomaji wazo lenyewe ni lipi. Sentensi zinazofuata zilieleze, zilitolee ushahidi. Ya mwisho imshike mkono msomaji impeleke aya inayofuata. Na aya ya utangulizi ni fupi, Bibi. Ya kwako, kwenye insha uliyonitumia, ilianza tangu kuumbwa kwa dunia.

Zoezi: niandikie aya moja ya maelezo na moja ya ulinganishi. Chagua chochote unachokijua vizuri.

Mjukuu wako,
Mke Mdogo


6 Machi

Mke Mdogo,

Salamu zimepokewa. Mama yako anasema bado hujapiga. Babu ameitengeneza saa yake, sasa inakwenda mbele dakika ishirini, kwa hiyo tunafika kila mahali kabla ya wenye shughuli.

Zoezi hili hapa. Nimechagua ninachokijua vizuri.

Aya ya maelezo: “Babu ni mwanamume mfupi anayefanya kazi ameinama. Meza yake ipo dirishani, ina droo tisa, na kila droo ina skrubu ambazo hazifanani na za droo nyingine. Kwa jicho la kulia huibana ile lenzi yake nyeusi, la kushoto hulifumba, na ulimi huuchomoza kidogo pembeni. Akiwa hivyo, hata nyumba iungue, hasikii.”

Aya ya ulinganishi: “Babu na saa ya ukutani wodini wanafanana kwa mambo mawili na kutofautiana kwa moja. Kwanza, wote wawili hupiga kelele bila kuulizwa. Pili, wote huhitaji kutikiswa ili wafanye kazi. Hata hivyo, saa ya wodini ikiharibika huletewa Babu, ilhali Babu akiharibika huletewa mimi.”

Umeiona “ilhali”? Umeiona “hata hivyo”? Siku hizi naongea hivyo mpaka nyumbani. Jana nimemwambia mume wetu, “Chai ipo tayari; aidha, mkate upo.” Akauliza aidha ni mkate wa aina gani.

Nakutumia na insha nzima niliyoanza upya. Sasa ina aya saba. Nimezihesabu mbele ya Babu kwa sauti.

Mke Mkubwa


2 Aprili

Mke Mkubwa, shikamoo,

Nisamehe kuchelewa. Nilikuwa na malaria kidogo. Sasa nafundisha nikiwa nimekaa, wanafunzi wenyewe wameniletea kiti. Mume wangu hajambo. Chai nimeacha, siitaki hata kuiona, nakunywa maji ya ndimu. Nalala mchana kama paka.

Aya zako mbili nimezipa tisini. Kumi nimezikata kwa ajili ya heshima ya Babu.

Insha ni suala jingine. Utangulizi mzuri: unaeleza tatizo, unasema msimamo wako, unanyamaza. Aya ya pili, ya kuonyesha kwamba mama aliyeshikwa mkono hupungukiwa na hofu, nzuri pia, na umeweka takwimu kutoka kwenye daftari la wodi. Ya tatu ndiyo yenye shida. Ile ni aya ya mfano, Bibi, na haina mfano. Umeandika “wanawake wengi huteseka kwa upweke”. Wengi ni nani? Msomaji hawezi kumhurumia Wengi. Mpe mwanamke mmoja, chumba kimoja, siku moja. Miaka thelathini na moja, hukosi.

Pia hujaandika aya ya sababu na matokeo, wala ya hoja pinzani. Fanya zoezi la hizo mbili kwanza. Ukisema kitu kimesababisha kitu, nioneshe nyuzi zinazoviunganisha. Usiruke.

Mke Mdogo


11 Aprili

Mke Mdogo,

Salamu za nyumbani baadaye. Zoezi kwanza. Nimeruka mstari kila panapostahili.

“Mjukuu wangu ni mjamzito.

“Dai hili linathibitishwa na barua zake mwenyewe. Katika barua ya tarehe 19 Februari, anakiri kwamba harufu ya vitunguu inamkera kiasi cha kumhamishia mumewe uani, wakati mtu huyu tangu utotoni alikuwa akila vitunguu vibichi kwa chumvi. Katika barua ya tarehe 2 Aprili anaeleza kuwa ameacha chai, anakunywa ndimu, analala mchana, na anafundisha amekaa. Aidha, hampigii simu mama yake, kwa sababu anajua mama yake ataisikia sauti yake na kujua. Kila dalili peke yake ni jambo dogo. Kwa pamoja, zina sababu moja tu.

“Wapo watakaopinga kwa kusema ni malaria. Hoja hii ina uzito wake, kwa kuwa malaria pia humchosha mtu na kumkosesha hamu ya kula. Hata hivyo, malaria ya wiki sita humlaza mtu kitandani au kaburini, haimwachi darasani akigawa alama. Vilevile, sijawahi kusikia malaria iliyoletewa kiti na wanafunzi.

“Kwa kuhitimisha, ushahidi unaonyesha kwamba mtoto atazaliwa mwanzoni mwa Oktoba.”

Mwalimu, nimepata ngapi?

Babu hajambo. Sijamwambia mtu. Nimecheka peke yangu kwenye chumba cha nguo za wodi, nimekumbatia mashuka, mpaka mfuaji akadhani nimefiwa.

Mke Mkubwa


25 Aprili

Bibi yangu,

Mia kwa mia. Nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni kwa posta, nikapiga kelele hadharani, mtu mzima na mkoba wa mitihani begani. Mume wangu amekwenda kazini akicheka. Anasema polisi wangekuajiri.

Ndiyo. Wiki ya kumi na sita sasa. Daktari anasema moyo wake unapiga vizuri.

Nikueleze kwa nini nilinyamaza, usidhani sikukuamini. Mwaka juzi, ile mimba ya kwanza, nilimwambia kila mtu ikiwa na wiki sita. Mama, jirani, wanafunzi, hata muuza matunda. Ilipotoka, ilibidi nianze upya kumwambia kila mtu kwamba hakuna tena. Mmoja mmoja. Muuza matunda nilimsahau. Baada ya miezi mitatu akaniuliza kwa furaha, “Hilo tumbo umelificha wapi?” Nilinunua machungwa ambayo sikuyataka nikarudi nyumbani. Safari hii nilitaka niwe na kitu kimoja ambacho sitalazimika kukifuta.

Kwa hiyo tafadhali, usimwambie Babu, usimwambie mama. Mimba ikitimiza miezi sita nitapiga mwenyewe.

Na wewe je? Umenijibu mazoezi yote, isipokuwa aya ya mfano. Nimekuomba na ukaipita kimyakimya kama mtu anayemkwepa anayemdai. Wewe unanisoma mimi, na mimi nakusoma. Kuna mwanamke unayemjua. Mwandike.

Mke Mdogo


17 Mei

Mjukuu wangu,

Tu wazima. Nimechelewa kwa sababu karatasi hii nimeianza mara tano. Nakuletea kama ilivyo.

“Mfano mmoja unatosha. Miaka kumi na miwili iliyopita, binti wa miaka kumi na tisa aliletwa wodini na mama yake asubuhi. Ilikuwa mimba ya kwanza. Mama alibeba beseni la bluu lenye kanga na sabuni, akataka kuingia naye. Mkunga wa zamu akamzuia, kwa kuwa kanuni ilisema ndugu wabaki nje. Binti alijifungua baada ya saa tisa. Kwa saa zote hizo alikuwa akiita, ‘Mama,’ na mama akiitikia kutoka upande wa pili wa mlango, ‘Nipo.’ Mkunga alitoka mara mbili kumwambia mama yule anyamaze, asisumbue wagonjwa. Mara ya pili mama akanyamaza kweli. Binti aliendelea kuita bila kuitikiwa, na akadhani mama yake ameondoka. Mtoto alizaliwa salama, na daftari la wodi linaandika kwamba hapakuwa na tatizo lolote. Siku ya kuruhusiwa, binti alimpa mkunga mkono, akamshukuru, kisha akamuuliza kwa upole, ‘Sista, mama angekupunguzia nini kama angeingia?’ Mkunga huyo ni mimi.”

Basi. Ndiyo hiyo.

Nimefunga mlango ule mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na nilijiona hodari. Sikuandika kwa sababu Wino Mwekundu ataisoma, na darasa litaisoma, na wewe ungeisoma. Kama unaona niiondoe, niambie, niandike Wengi.

Mke Mkubwa


30 Mei

Bibi yangu mpenzi, shikamoo,

Usiiondoe. Usiguse hata neno.

Nimelia, halafu nikasahihisha alama mbili za mkato, halafu nikalia tena. Mume wangu ameuliza kama ni barua ya msiba. Nimemwambia ni aya bora niliyowahi kusoma tangu nianze kazi hii, naye akasema basi wanaofanya kazi hii wana matatizo.

Yamebaki mawili, kwenye insha nzima uliyoiambatanisha. Kwenye hoja pinzani, usiwabeze madaktari wanaohofia maambukizi na msongamano. Uliandika “wavivu wa kufikiri”. Futa. Eleza hofu yao vizuri mpaka wao wenyewe wakisoma waseme ndiyo, hivyo hivyo. Kisha ndipo uwajibu: pazia, gauni safi, ndugu mmoja tu. Anayesikilizwa ndiye husikiliza. Na kwenye hitimisho usilete jambo jipya. Umeleta suala la choo cha wodi. Najua choo kile ni kibovu, Bibi, lakini mpe insha yake.

Mtoto amecheza jana, wakati nasimamia mtihani. Nikasema “Haa!” kwa sauti. Wanafunzi thelathini na wawili wakaacha kuandika.

Mke Mdogo


8 Julai

Mke mwenzangu weee!

Sitoi salamu. Sabini na nne! SABINI NA NNE! Wino Mwekundu ameandika chini, kwa wino wa bluu, nimewaonyesha watu wote huo wino wa bluu: “Mama, sasa nimeziona.” Mbele ya darasa akaniuliza kama anaweza kuisoma ile aya ya tatu kwa sauti. Nikakubali, nikaangalia sakafu. Alipomaliza, muuguzi mmoja mtu mzima wa nyuma akasema, “Hata mimi nimewahi kuufunga huo mlango.” Kisha mwingine. Hakuna aliyecheka, mjukuu wangu, wala hakuna aliyenitazama vibaya.

Bado hujasikia kubwa. Mganga mkuu wa hospitali yetu ameiomba insha. Ameisoma yote, na kwenye hoja pinzani akasema, “Hivi ndivyo ninavyohofia hasa.” Kuanzia mwezi ujao tunajaribu: vitanda viwili, mapazia, ndugu mmoja mmoja. Na bwana wa bohari amebaki bohari.

Sasa la nyumbani, usinikasirikie. Nilikuwa nafuma kijisweta. Babu akatoa lenzi jichoni, akauliza, “Hicho cha nani, mbona kidogo?”

Nikababaika, nikasema, “Cha paka.”

“Hatuna paka.”

“Tutakuwa naye.”

Basi kesho yake amerudi na paka. Wa njano, mnene, ana hasira. Babu anataka kumpima hilo sweta na paka amemkwaruza mkono. Mpigie mama yako upesi, na Babu pia, kabla hajaleta wa pili.

Mke Mkubwa, Sabini na Nne


21 Septemba

Mke Mkubwa, shikamoo,

Nimeshapiga kwa wote, kama ulivyosikia. Babu alisema, “Kwa hiyo si cha paka,” na nadhani alikuwa analia.

Mimi ni mkubwa kama pipa. Viatu navalishwa. Nimeacha kufundisha Ijumaa iliyopita, wanafunzi wamenipa kadi yenye aya tano kamili, na kila moja ina wazo lake.

Jana nilikwenda hospitali ya huku kuona chumba. Kisafi, kina madirisha makubwa. Mlangoni pana tangazo limegandishwa: NDUGU WOTE WABAKI NJE. Nimelisoma, nikamuuliza mkuu wa wodi kama hata mume haruhusiwi. Akasema, “Kanuni, dada.” Ni mama mzito, ana funguo kiunoni, hatabasamu.

Najua uko kazini na vitanda vyako viwili. Sikuombi kitu. Nakueleza tu habari za huku.

Mke Mdogo


7 Oktoba, saa nne asubuhi, kwenye benchi

Mke mwenzangu,

Natumaini huyu muuguzi mchanga ataifikisha karatasi hii. Barua yako niliijibu kwa basi. Ulisema huombi kitu. Unadhani sijui kukusoma?

Nimefika, mumeo kanipokea kituoni akitetemeka kuliko wewe. Mimi nipo nje ya mlango. Nimebeba beseni. Mkuu wa wodi amenizuia, na nimemwelewa neno kwa neno, maana maneno yale yale nimeyasema mimi miaka mingi. Sikumjua mtu wa upande huu wa mlango, mjukuu wangu. Benchi ni gumu, na kila sauti ya ndani unadhani ni ya mtu wako.

Nimeomba karatasi ya pili. Nitamwandikia yeye. Aya moja tu.

Wewe ita. Mimi nipo, na sitanyamaza.

Bibi yako


3 Novemba

Mke Mkubwa, shikamoo mara mbili, yangu na ya mtu mwingine,

Natumaini umefika salama na paka amekusamehe. Sisi hatujambo. Huyu bibi mdogo ana kilo nne na nusu, ananyonya kama anakimbizwa.

Sijakusimulia jinsi ilivyokuwa upande wangu, ulipokuwepo hapakuwa na nafasi, wewe ulikuwa unaongea. Uchungu ulikuwa umekaza. Nikaita. Nikasikia “Nipo!” kwa sauti iliyotikisa vioo. Mzazi wa kitanda cha pili akauliza, “Huyo ni nani?” Nikasema, “Mke mwenzangu.” Akasahau uchungu wake kwa dakika nzima.

Kisha mkuu wa wodi akaingia ameshika karatasi yako, akasimama chini ya dirisha akaisoma yote. Akairudia. Uso haukubadilika. Akafungua mlango, nikasikia mkisemezana.

“Mama, aya yako ni nzuri. Ina sentensi moja ya uongo.”

“Ipi hiyo, Sista?”

“Hii unayoahidi kwamba ukiingia utakaa kimya.”

“Naifuta.”

“Vua viatu. Nawa mikono mpaka viwikoni.”

Na ukaingia, na hukukaa kimya hata kidogo, na saa nane mchana tukawa watatu.

Jana mume wangu aliitwa kule hospitalini kurekebisha taa. Anasema mlangoni kwenye benchi walikaa watu wawili tu, wakisubiri zamu ya kunawa mikono. Tangazo halipo. Zimebaki alama nne za gundi, na mkuu wa wodi alikuwa anazikwangua kwa ukucha.

Mwanao kaamka, anapiga kelele bila kuulizwa. Nakwenda.

Mke Mdogo